Uvimbe, mwasho na weusi pale unapodunga insulini: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Mama mmoja wa mtaa wa Ndosho, hapa Goma, Kongo, alikaa mbele yangu, akalegeza kitenge chake na kusema kwa sauti ya chini: «Dawa hii njo inanikataa, dokta. Tazama.» Chini ya kitovu, upande wa kulia, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kokwa la avoka. Nilimuuliza: «Mama, kila jioni unajidungaka wapi?» Akaweka kidole juu ya uvimbe ule ule. «Njo fasi haiumake.»

Dawa ilikuwa nzima. Ngozi yake ndiyo iliyochoka, na insulini ilikuwa inazikwa ndani ya uvimbe badala ya kuingia kwenye damu kwa mwendo wake. Ndiyo maana sukari yake ilikuwa 320 mg/dl asubuhi moja na 60 asubuhi iliyofuata, na yeye akila chakula kile kile.

Sisi wauguzi tunasema «badilisha mahali» kila siku, na kila siku watu wanarudi na uvimbe. Nadhani kosa ni letu pia, kwa sababu maneno hayo mawili hayatoshi. Wengi wanabadilisha kweli: leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa kulia pale pale. Mwisho wa mwaka wana mavimbe mawili. Kwa hiyo hapa naeleza kila kitu, kidole kwa kidole.

Mwongozo huu ni kwa anayetumia insulini yenye dawa ya kukaa muda mrefu mwilini: ile inayofanana na maji safi (glargine, kama Lantus), ile inayofanana na maziwa (NPH, kama Insulatard au Humulin N), na ile iliyochanganywa, ya haraka na ya polepole pamoja (kama Mixtard). Dawa za mara moja kwa wiki nimezitengea sehemu yake karibu na mwisho.

Onyo la kwanza kabla ya yote: usiache insulini kwa sababu ngozi imewasha au imevimba. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikaa bila insulini, hata siku moja au mbili, anaweza kuanza kutapika, kupumua haraka na kuzimia, na hapo ni kifo kinachobisha hodi. Hamisha mahali pa kudunga, kisha tafuta ushauri.

## Vitu vya kuwa navyo

- Insulini yako, pamoja na karatasi yake ya maelezo. Usiitupe karatasi hiyo.
- Sindano mpya. Kwa kalamu, sindano ya milimita 4 inatosha watu wazima wote, wembamba kwa wanene. Kwa kichupa, tumia bomba la insulini lenye alama za yuniti. Kama kichupa kimeandikwa 100, bomba nalo liandikwe 100. Yakitofautiana, dozi inaharibika.
- Sabuni na maji safi. Maji yaliyotekwa ziwani yawe yametiwa klori au yamechemshwa na kupoa.
- Kitambaa safi cha kukaushia.
- Kipima sukari na vijiti vyake. Kama vijiti ni vichache, vitunze kwa ajili ya hatua ya 6. Huko ndiko vinakookoa maisha.
- Sukari ya kawaida, karibu na kitanda.
- Kalenda ya ukutani na kalamu ya wino.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kwa sindano zilizotumika.

Spiriti si lazima. Ngozi iliyooshwa kwa sabuni ni safi ya kutosha. Ukiitumia, subiri ikauke kabisa, maana sindano ikipita kwenye spiriti mbichi inachoma kama pilipili, na mtu anadhani ni insulini.

## Hatua ya 1: Tafuta uvimbe kwa vidole

Macho yanadanganya. Uvimbe mwingi wa insulini hauonekani, unaguswa tu.

Fanya hivi wakati wa kuoga. Lowesha tumbo, paka sabuni, kisha telezesha vidole vitatu vilivyonyooka polepole, kutoka ubavuni kuelekea kitovuni. Pasipo na shida, vidole vinapita bila kukwama. Penye uvimbe, vinapanda kidogo na kushuka, kama tairi la pikipiki likipita juu ya jiwe la lava lililofunikwa na vumbi.

Ukihisi kitu, finya ngozi ya hapo kwa kidole gumba na cha shahada. Ngozi nzima inafinyika nyembamba, na unahisi vidole vyako karibu vinagusana. Penye uvimbe unashika kitu kinene na kizito, mfano wa unga wa mandazi uliokwisha kuumuka. Linganisha na upande mwingine wa mwili.

Pita tumbo lote, mapaja yote mawili, na mikono kama unadunga huko. Zungushia kila uvimbe mstari wa kalamu ili usiusahau ukivaa nguo.

Umefaulu kama unaweza kusema, bila kubahatisha, ni sehemu zipi ni nzima na zipi zimechoka.

## Hatua ya 2: Jua unaona nini

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kila alama wanaiita aleji, wakati aleji ya kweli ya insulini ni nadra. Chukua muda wako.

Uvimbe laini au wa mpira, usiouma, usiowasha. Huu ni uvimbe wa mafuta. Kwenye karatasi ya daktari utausoma kama lipodistrofia. Insulini yenyewe inakuza mafuta, na ukiidunga mahali pamoja kila siku, mafuta ya hapo yananenepa. Mishipa ya fahamu inapungua, ndiyo maana hapaumi tena. Pale panapokupendeza kwa kutouma ndipo pabaya kuliko pote. Nenda hatua ya 6.

Shimo au kibonyeo. Mafuta yameisha badala ya kuongezeka. Haitokei mara nyingi siku hizi. Usidunge hapo, na umwonyeshe daktari.

Mwasho na vipele pale pale, vinavyoanza ndani ya dakika 30 au saa chache. Hii ndiyo inayofanana na aleji. Mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki chache. Nenda hatua ya 7.

Kuchomachoma wakati dawa inaingia, kisha kuisha. Si aleji. Glargine ina asidi, ndiyo inayoiwezesha kubaki safi kama maji ndani ya kichupa. Ikifika chini ya ngozi asidi inaisha nguvu, dawa inaganda kuwa punje ndogo sana, na punje hizo zinayeyuka taratibu kwa muda wa saa 24 hivi. Ule mchomo wa mwanzo ni asidi. Dawa ikiwa ya baridi kutoka frigo, mchomo unazidi.

Alama ya bluu au nyeusi bila uvimbe. Umegusa mshipa mdogo wa damu. Inapotea yenyewe.

Uvimbe wa moto, unaouma na kukua kila siku, pengine na usaha au homa. Ni jipu. Nenda kituo cha afya leo, usilikamue.

Uvimbe mgumu usiopungua hata miezi baada ya kuacha kudunga hapo. Mwonyeshe daktari. Mara chache insulini yenyewe hujikusanya chini ya ngozi na kuwa bonge gumu, ambalo haliondoki kama mafuta.

Neno moja kwa ngozi zetu. Vitabu vingi vinasema «tafuta wekundu». Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tazama kama pamekuwa peusi zaidi au pana rangi ya zambarau, kama ngozi imenyooka na kung'aa, kisha weka mgongo wa kiganja na ulinganishe joto na sehemu ya jirani. Mgongo wa kiganja unasikia joto kuliko vidole.

## Hatua ya 3: Gawa tumbo kama shamba

Mkulima wa maharagwe Rutshuru hapandi tuta moja mwaka hadi mwaka. Analilaza lipumzike. Ngozi nayo inataka wiki 4 za kulala kabla ya kudungwa tena pale pale.

Chora msalaba wa kufikirika unaopita kitovuni. Umepata robo nne. Acha vidole viwili kuzunguka kitovu, acha na kovu la upasuaji wa uzazi kama unalo. Robo moja ni ya wiki moja:

1. Wiki ya 1: juu kulia.
2. Wiki ya 2: juu kushoto.
3. Wiki ya 3: chini kushoto.
4. Wiki ya 4: chini kulia.

Ndani ya robo, kila siku sogea upana wa kidole kimoja. Fanya mistari miwili: nukta nne juu, nukta tatu chini. Hizo ni siku saba. Jumatatu inayofuata unahamia robo nyingine, na ukirudi robo ya kwanza, wiki nne zinakuwa zimetimia.

Andika kwenye kalenda baada ya kudunga, hapo hapo. «2/5» maana yake robo ya pili, nukta ya tano. Nimeona watu makini kabisa wakisema «nakumbuka tu», na vidole vyao vikirudi kila jioni mahali pamoja bila wao kujua. Mkono una mazoea.

Unayedunga mara mbili kwa siku, asubuhi tumia tumbo na jioni mapaja. Insulini ya maziwa inafyonzwa polepole zaidi pajani, na usiku ndicho unachotaka. Paja ni sehemu ya juu, mbele na kwa nje. Ligawe nusu mbili, na kwa mapaja mawili una robo nne vilevile. Usidunge paja la ndani wala karibu na goti.

Robo ikiwa na uvimbe, iruke nzima. Gawa zilizobaki.

## Hatua ya 4: Andaa dawa

Kichupa au kalamu unayoitumia sasa haihitaji frigo. Nyingi zinakaa siku 28 nje, chini ya nyuzi 30. Nyingine zina muda wake, soma karatasi. Hapa Goma tuko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na ndani ya nyumba yenye kivuli joto hilo si tatizo siku nyingi. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa.

Kama nyumba yako ni ya mabati na mchana inawaka, tumia chungu: kichupa ndani ya kijifuko kikavu, ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Wanaoogopa umeme ukikatika usiku wasilie. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata hali ya joto la kambi ya Dadaab nchini Kenya. Insulini walizozipima zilihifadhi nguvu zake wiki 4 katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37.

Ambazo hazijafunguliwa ndizo za frigo, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Insulini iliyoganda, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri, itupe.

Kabla ya kudunga:

- Kama imetoka frigo, iache nje dakika 30.
- Glargine iwe safi kama maji ya kunywa. Ikiwa na ukungu au punje, usitumie. Usiichanganye na insulini nyingine katika bomba moja.
- Ya maziwa izungushe kati ya viganja mara 10, kisha igeuze juu chini taratibu mara 10, mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu. Ikibaki na mabonge au chembe zilizoshika kwenye kioo, imeharibika.

## Hatua ya 5: Dunga

Nawa mikono. Osha mahali, kausha. Nyanyua kitenge au shati kabisa. Usidunge kupitia nguo.

Kwa sindano ya milimita 4, ingiza wima, bila kufinya. Kwa bomba la kawaida, ambalo sindano yake ni ndefu zaidi, nyanyua ngozi kwa kidole gumba na vidole viwili, ili usifike kwenye msuli. Insulini ya msuli inakimbia haraka na kushusha sukari ghafla. Ukiwa mwembamba sana, laza sindano kidogo.

Sukuma polepole hadi mwisho. Hesabu hadi 10 kabla ya kutoa, la sivyo tone linatoka na ngozi inabaki na maji ya dawa. Toa, kisha achia ngozi.

Ikitoka damu, bonyeza kwa kitambaa. Usisugue, wala usiweke kitambaa cha moto. Kusugua na joto vinaiharakisha dawa iliyotengenezwa kwenda polepole.

Sindano ni ya mara moja. Najua bei, na najua wapo wanaorudia moja wiki nzima. Basi ujue unalipia nini: ncha inapinda, inachana badala ya kupenya, na uvimbe unakuja haraka. Ukilazimika kurudia, usiipanguse kwa spiriti, inaondoa utelezi wake. Ifunike, na itupe mara inapoanza kuuma. Kumpa mtu mwingine sindano au kalamu yako, hata ndugu wa tumbo moja, hapana kabisa.

Umefaulu kama hakuna tone juu ya ngozi, na baada ya saa moja pale ulipodunga hupatambui.

## Hatua ya 6: Kuhama kutoka kwenye uvimbe

Hatua hii ina hatari, na wengi hawaambiwi.

Dozi yako ya sasa ilipangwa wakati dawa inapotelea kwenye uvimbe. Ukihamia ngozi nzima, dozi ile ile inafika yote. Sukari inaweza kuanguka usiku, umelala, na hakuna anayejua.

Ndugu yangu mmoja alihama bila kumwambia mtu. Usiku wa tatu mke wake aliamka na kumkuta amelowa jasho mpaka godoro, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nyumba nzima ilidhani ni malaria. Aliokolewa na glasi ya fanta. Yule aliyemwambia «hamisha tu» hakumwambia nusu ya pili.

Kwa hiyo:

1. Ongea na daktari au muuguzi wako kabla ya kuhama. Mwambie: «Nina uvimbe, nataka kudunga kwingine, dozi inakuwaje?» Mara nyingi anaipunguza kwanza. Kwa wengine inashuka kwa zaidi ya asilimia 20. Usijipangie mwenyewe.
2. Pima zaidi kwa wiki mbili za kwanza. Asubuhi kabla ya kula na usiku kabla ya kulala ni lazima. Ukiweza, pima saa tisa za usiku kwa siku tatu za kwanza.
3. Mwambie anayelala nyumbani kwako. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za sukari kushuka.
4. Chini ya 70 mg/dl, kula sukari kwanza. Vijiko vitatu vidogo kwenye maji, au nusu glasi ya fanta (isiwe ile isiyo na sukari). Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.
5. Usidunge kwenye uvimbe kwa miezi kadhaa. Unapungua taratibu. Kagua mara moja kwa mwezi kwa vidole vya sabuni.

Umefaulu kama namba za asubuhi zinaanza kufanana. Kutoka 320, 60, 280, ukaona 150, 140, 165, ujue dawa inafika.

## Hatua ya 7: Kama ni mwasho na vipele

Anza na vyanzo vya kawaida. Ulisubiri spiriti ikauke? Dawa ilikuwa ya baridi? Sindano ni ya siku ya ngapi? Sabuni mpya? Mkanda au fundo la kitenge linasugua pale pale? Rekebisha kimoja kimoja kwa siku nne tano, uone.

Ikiendelea, chora mstari kwa kalamu kuzunguka mwasho, andika saa, tazama baada ya saa 24. Ukibaki ndani ya mstari, unaweza kungoja siku ya kliniki. Ukivuka, nenda mapema.

Mpelekee daktari kichupa chenyewe. Chanzo kinaweza kisiwe insulini. Kuna dawa ya kuzuia vijidudu ndani yake, kuna zinki, na katika ile ya maziwa kuna protamini, kitu kinachotokana na samaki. Akikubadilishia aina, mwasho unaweza kuisha kabisa.

Usipake krimu za kung'arisha zinazouzwa mtaa wa Birere. Nyingi zina dawa kali inayopunguza ngozi na kuficha ugonjwa. Dawa ya meno pia hapana. Na tafadhali, msichanje uvimbe kwa wembe. Mwenye kisukari anapona kidonda polepole, na nimefunga vidonda vya namna hiyo wiki hadi wiki.

## Wanaodunga mara moja kwa wiki

Semaglutide (Ozempic) na dulaglutide (Trulicity) si insulini, na haziwezi kuchukua nafasi yake kwa mwenye aina ya kwanza. Kwa ngozi zina usumbufu mdogo: mwasho, alama, basi. Badilisha mahali kila wiki. Exenatide ya kila wiki ndiyo iliyojulikana kwa kuacha vinundu kama njegere, kwa sababu dawa imefungwa ndani ya chembe ndogo zinazoyeyuka polepole. Kwa kawaida vinaondoka vyenyewe baada ya wiki 4 hadi 8. Usivikande.

## Usingoje kesho

Panda pikipiki, nenda hospitali sasa hivi ukiona baada ya sindano: midomo, ulimi au uso unavimba, pumzi inakata au kifua kinapiga filimbi, vipele vimeenea mwili mzima, kizunguzungu cha kuanguka. Hiyo ni aleji ya mwili wote. Mlaze mgonjwa, miguu juu, isipokuwa kama anashindwa kupumua, hapo akae. Beba kichupa.

Nenda siku hiyo hiyo kama pana usaha, homa, au joto linaloenea.

## Sindano zilizotumika

Zote ndani ya chupa ngumu, kifuniko kikazwe. Ikijaa robo tatu, ipeleke kituo cha afya. Usiitupe barabarani wala kwenye rundo la takataka mtaani: watoto wetu wanacheza juu ya mawe pekupeku, na sindano ndogo namna hiyo haionekani kati ya changarawe nyeusi.